Mahujaji wetu wanaofika Roma washushwe San Clemente

Mhariri,

Ratiba za hija ya Roma zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo za parokia zetu zinafanana kama pacha: Basilika la Mtakatifu Petro, Makumbusho ya Vatikani, Koloseo, chemchemi ya Trevi, kisha maduka. Basi husimama Koloseo, watu hupiga picha, hupanda tena, safari ikaendelea. Kutoka hapo waliposimama hadi mlango wa Basilika la San Clemente, yaani la Mtakatifu Klementi, ni kama dakika tano kwa miguu. Sisi tunaowaandaa mahujaji kabla hawajapanda ndege Entebbe tunawaomba viongozi wa misafara walitengee basilika hilo muda wa saa mbili kamili, tena saa mbili zilizopangwa, kwa maana kundi likiingizwa ovyo hutoka na picha ya mlango tu.

Mganda anayekwenda Roma mara nyingi huwafuata mashahidi wetu 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 18 Oktoba 1964. Ni haki yake kusimama pale na kushukuru. Lakini Basilika la Mtakatifu Petro tunaloliona leo lilianza kujengwa mwaka 1506 na kutabarukiwa mwaka 1626. Ukubwa wake unashangaza, ila haumwonyeshi mhujaji mahali ambapo Wakristo wa karne za kwanza walisali. San Clemente inamwonyesha, kwa sababu ni majengo ya nyakati tatu yaliyobebana, na ngazi zipo za kumteremsha kutoka karne ya 12 hadi ya 4, na kutoka ya 4 hadi ya 1.

Kazi ya kwanza hufanyika nyumbani Uganda, wiki kadhaa kabla ya safari. Klementi alikuwa askofu wa Roma mwishoni mwa karne ya 1, wa tatu baada ya Petro kwa hesabu ya Mtakatifu Ireneo: Lino, Anakleto, kisha yeye. Ipo barua ndefu ya Kanisa la Roma kwa Wakorintho, ambayo kwa kawaida huwekwa kwenye mwaka 96 hivi, na tangu zamani imehesabiwa kuwa yake. Wakorintho walikuwa wamewaondoa wazee wa kanisa lao madarakani, na barua inawasihi warudishe amani. Ina sura 65, lakini mhujaji akisoma ya 5 na ya 6 tu zinamtosha: zinataja mateso ya Petro na Paulo, kisha umati wa waamini wengine, wanawake wakiwamo, walioteswa Roma. Mtu aliyekwisha kutembea kwa miguu hadi Namugongo, walipouawa mashahidi wetu wengi, kwa sikukuu yao tarehe 3 Juni atazielewa sura hizo bila kufafanuliwa. Zisomwe kwenye jumuiya ndogondogo kabla ya safari, si ndani ya basi huku kila mtu akitafuta chaja ya simu.

Upo mkanganyiko wa majina ambao waongozaji wengi huurudia. Klementi askofu si yule Titus Flavius Clemens, konsuli wa Kirumi na jamaa wa kaisari Domitiano, aliyeuawa mwaka 95. Wala hakuna kilichochimbuliwa pale kinachothibitisha kwamba askofu Klementi aliishi katika nyumba iliyo chini ya basilika. Kilicho hakika ni kwamba katika karne ya 4 Wakristo wa Roma waliliita kanisa la mahali hapo kwa jina lake. Mtakatifu Yeronimo analitaja mwaka 392. Sisi wa Uganda tunaijua maana ya kanisa kusimama juu ya kumbukumbu, kwa kuwa basilika la Namugongo limejengwa mahali alipochomwa Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wetu, mwaka 1886. Ila pale Namugongo tukio lina mashuhuda, siku na majina. San Clemente kumbukumbu ni ya mapokeo, na mhujaji aambiwe hivyo waziwazi. Imani yake haitapungua kwa kuambiwa kweli.

Sasa safari yenyewe. Viza ya Schengen, inayomruhusu Mganda kuingia Italia, inaweza kuombwa hadi miezi sita kabla ya safari. Inadai pasi itakayokuwa hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Tiketi za San Clemente zisikatwe kabla viza hazijatoka, maana tarehe zikisogea fedha huenda zikapotea. Kanisa la juu haliwi na kiingilio. Kinacholipiwa ni kuteremka kwenye machimbo. Kundi liweke nafasi mapema kwenye tovuti ya basilika lenyewe, kwa kuwa wachuuzi wa mtandaoni huongeza bei yao juu ya ile ile tiketi.

Saa ndizo zinazoharibu ziara nyingi. Basilika limezoea kufunga mchana, saa sita na nusu hivi, na kufungua tena alasiri. Jumapili asubuhi ni ya Misa, hivyo chini hakushukiki hadi mchana. Saa hubadilika kwa msimu, kwa hiyo zithibitishwe wiki ile ile ya safari. Kosa la kawaida ni kuanza na Koloseo saa nne asubuhi, kukwama kwenye foleni, kisha kukimbilia San Clemente saa sita na robo, wakati dirisha la tiketi limekwisha kufungwa. Geuzeni mpango: San Clemente kwanza, mlango unapofunguliwa asubuhi, Koloseo baadaye. Msiweke ziara hii Jumatano asubuhi kama mnataka pia kumsikiliza Papa kwenye katekesi yake ya wiki. Vitu hivyo viwili haviingii katika asubuhi moja.

Mavazi nayo yana sababu. Mabega na magoti yafunikwe, kama katika makanisa mengine ya Roma. Akina mama zetu hupenda kuvaa gomesi, lile vazi letu refu la mshipi, kwenye maeneo matakatifu, na kwa Misa ya Mtakatifu Petro ni vazi la heshima kuliko yote. San Clemente lakini kuna ngazi za kale, sakafu isiyo sawa na unyevu unaoteleza. Gomesi linaburura, mshipi unalegea, na mikono yote miwili inashughulika kuinua nguo badala ya kushika reli. Sketi inayovuka magoti, sweta na viatu vilivyofungwa vyenye soli ya mpira vinafaa zaidi. Kanzu vilevile inabidi ipandishwe. Hata Julai, joto la Roma likiwa kali, kule chini ni baridi na kuna unyevu, na anayetoka juani akiwa na jasho hutetemeka baada ya nusu saa.

Kundi la watu 40 lisishuke kwa pamoja. Vijia vya chini ni vyembamba, sauti inarudi kutoka kwenye kuta, na wa nyuma hawasikii chochote. Ligawanywe katika vikundi vya watu 12 hadi 15, vipishane kwa dakika ishirini. Maelezo marefu yatolewe juu, kwenye ua wenye nguzo ulio mbele ya kanisa, kisha chini mwongozaji aseme sentensi mbili tatu tu. Wengi hawauoni ua huo kwa sababu wanaotoka Koloseo hufuata barabara ya Via di San Giovanni in Laterano na kuingia kwa mlango wa ubavuni. Zungukeni hadi mbele. Ua wa namna hiyo, uliozungukwa na varanda, ulikuwa sehemu ya kawaida ya basilika za kale, na ni makanisa machache ya Roma ambayo bado yanao.

Ndani, anzeni kwa kutazama haraka tu: sakafu ya vipande vya marumaru vya rangi, iliyopangwa miduara juu ya miduara, na katikati ya kanisa ile boma ya marumaru nyeupe walipokaa waimbaji. Boma hiyo ni ya karne ya 6, imetoka kwenye kanisa la chini na kupandishwa huku. Juu ya mabamba yake tafuteni herufi zilizosukwa pamoja: ni jina la Papa Yohane II, aliyeongoza Kanisa mwaka 533 hadi 535. Kabla ya hapo alikuwa padre wa kanisa hili hili, akiitwa Mercurius, na kwa kuwa hilo ni jina la mungu wa Kirumi alilibadilisha alipochaguliwa. Ndiye papa wa kwanza anayejulikana kubadili jina. Mozaiki kubwa iliyo nyuma ya altare msiishughulikie kwanza. Iacheni hadi mtakaporudi juu. Kwa nini, tutasema.

Dirisha la tiketi na ngazi za kushukia ziko upande wa kulia ukitazama altare. Picha haziruhusiwi chini. Zimeni simu kabisa, kwa kuwa mwenye simu mkononi hujaribiwa, mlinzi humkemea, na kundi zima huharibikiwa.

Kufika kwenye kanisa la karne ya 4, karibu kila mtu huuliza: kanisa liko wapi? Anaona kuta nene, nguzo zilizomezwa na matofali, vijia. Sababu ni hii. Ardhi ya Roma ya kale ilikuwa ikipanda karne baada ya karne, kwa mafuriko, moto na vifusi. Wajenzi hawakuhangaika kuondoa kifusi; walijaza vyumba vya chini, wakakata kuta kwa usawa mmoja, wakazifanya msingi. Kanisa hili nalo lilijazwa hivyo. Maelezo ya zamani yanasema liliharibiwa na Wanormani wa Robert Guiscard mwaka 1084. Leo wengi wanaona pia kwamba jengo lenyewe lilikuwa limechoka na barabara ilikuwa imelipita kwa kimo. Basilika jipya la juu lilijengwa jembamba kuliko la zamani, hivyo nguzo zake hazikuangukia juu ya nguzo za chini. Ikabidi ukuta wa kuzibeba upitishwe katikati ya ukumbi wa kale. Mwongozaji aelekeze kwa mkono: huu ukuta ni wa karne ya 12, zile nguzo zilizofichwa ni za kanisa la kwanza, na ukumbi ulikuwa mpana kutoka kule hadi huku. Akiuondoa ukuta huo kichwani mwake, mhujaji ataliona kanisa ambamo Papa Zosimo alisikiliza shauri la Selestio, mwenzake Pelagio ambaye mafundisho yake yalihesabiwa uzushi, mwaka 417.

Baada ya kujazwa kifusi kanisa hilo lilisahaulika. Mwaka 1857 Padre Joseph Mullooly, Mdominiko kutoka Ireland, alianza kuchimba. Wadominiko wa Ireland wanalitunza basilika tangu karne ya 17, na bado wapo.

Michoro ya ukutani inastahili nusu saa. Upo mchoro wa Kristo akipaa, na pembeni yake Papa Leo IV, aliyeongoza mwaka 847 hadi 855. Taji lake la nuru ni la mraba, si la duara. Mraba ulimaanisha mtu angali hai mchoro ulipofanywa. Hiyo peke yake inakupa umri wa mchoro bila kuhitaji kitabu. Kisha ipo hadithi ya Sisinius, Mrumi aliyekasirika kwa sababu mkewe alimfuata Klementi. Anawaamuru watumishi wamkamate askofu, nao macho yamepofuka, wanafunga kamba nguzo na kuikokota wakidhani ni mtu. Maneno yameandikwa kando ya kila mmoja: Klementi anasema Kilatini, bwana na watumishi wanasema lugha ya mtaani, tena kwa matusi. Ni mwishoni mwa karne ya 11, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiitalia cha watu wa kawaida. Mchoro mwingine ni wa muujiza wa baharini: inasimuliwa kwamba Klementi alihamishiwa Krimea enzi za Trajano, akatoswa na nanga shingoni, na kila mwaka maji yalijitenga watu wakafika kaburini pake. Ndiyo maana mtaona nanga kila mahali katika basilika hili.

Michoro hii inafifia. Unyevu unabeba chumvi ya ndani ya ukuta, chumvi inaganda juu ya rangi na kuibandua. Pumzi za wageni zinazidisha unyevu, na kidole kinaacha mafuta. Msiguse hata kidogo, na begi la mgongoni livaliwe mbele, maana linakwaruza mtu akigeuka.

Kwa Mganda, kituo kikubwa zaidi cha ngazi hii tunaona ni kaburi la Mtakatifu Sirili. Yeye na nduguye Metodi walikuwa wamisionari kwa Waslavi. Sirili alitunga alfabeti ya kuandikia lugha yao, wakatafsiri Maandiko na ibada. Walipofika Roma mwishoni mwa mwaka 867 walileta masalia yaliyosemwa kuwa ya Klementi, na Sirili alipofariki tarehe 14 Februari 869 alizikwa hapa. Mabamba ya shukrani yaliyowekwa na mataifa ya Kislavi yamejaa ukutani. Masalia yake yalipotea baadaye. Kipande kilichopatikana kilirudishwa mwaka 1963 na Papa Paulo VI, yule yule ambaye mwaka uliofuata aliwatangaza watakatifu mashahidi wetu. Mahujaji wasimame hapa na kukumbuka kwamba Buganda nako neno lilipita katika lugha za watu: Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, alianza kwa kusoma Injili ya Kiswahili barazani kwa Kabaka Muteesa, na Biblia nzima ya Luganda ikapatikana mwaka 1896. Mackay alitumwa na chama cha wamisionari cha Kianglikana, na mahujaji wa Kianglikana wana haki sawa na Wakatoliki ya kusimama kwenye kaburi hili. Kama kuna mahali pa kusali kwa sauti ya chini kwa Luganda, Runyankole, Acholi, Lugbara na Kiswahili, ni hapo.

Ngazi ya tatu inataka maelezo mafupi na sahihi. Ni majengo ya Kirumi yaliyosimamishwa baada ya moto mkubwa wa mwaka 64, enzi za Nero: upande mmoja jengo kubwa la mawe mazito, upande mwingine nyumba ya matofali, na kati yao kichochoro chembamba ambacho mtu mnene hupita kwa shida. Ndani ya nyumba hiyo lipo hekalu la Mithra, mungu aliyeabudiwa na Warumi wa wakati huo, chumba chenye dari ya chini kama pango, benchi za mawe pande zote mbili, na altare iliyochongwa Mithra akimchinja fahali. Hapa ndipo makosa huzaliwa. Wakristo hawakujificha humo. Petro hakuadhimisha Ekaristi humo. Lilikuwa hekalu la dini nyingine, ya wanaume peke yao, lililotengenezwa karibu na mwisho wa karne ya 2, na lilitumika wakati ule ule Wakristo wakiwa majirani. Wala mahali hapa si katakombe. Katakombe za Roma ziko nje ya kuta za mji, kwa kuwa sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani. Makaburi machache yaliyopo chini hapa yalichongwa baadaye.

Mtasikia maji yakikimbia. Mullooly alipofika chini kabisa, maji yalijaa na vyumba vikawa havikaliki. Kati ya mwaka 1912 na 1914 Padre Louis Nolan alichimba mfereji wa chini kwa chini wa mita zipatazo 700, kupita Koloseo hadi mfereji mkuu wa kale wa Roma, Cloaca Maxima. Bila mfereji huo hakuna ziara.

Mwenye pumu, mwenye hofu ya mahali pa kufungika, mwenye magoti mabovu au shinikizo la damu lisilotulia abaki juu, na asionewe aibu. Ulizeni kila mtu kabla ya kukata tiketi, faraghani, kwa sababu mbele ya wenzake mzee atasema anaweza. Huku juu ana benchi, na ana kanisa dogo la Mtakatifu Katarina karibu na mlango wa ubavuni, lenye michoro ya Masolino ya karne ya 15. Mtu mmoja wa kundi akae naye.

Mkirudi juu, kaeni. Sasa ndiyo zamu ya mozaiki, robo saa nzima, bila mwongozaji kusema. Kristo yuko msalabani, na njiwa weupe 12 wametua juu ya msalaba. Kutoka shina lake mmea unatambaa na kujikunja duara kwa duara hadi kuijaza nusu-kuba yote, na ndani ya mikunjo wamo mababu wa Kanisa, watu wa kawaida wakiwa kazini, ndege na wanyama. Chini ya msalaba paa wanakunywa maji, kama zaburi isemavyo, na chini zaidi kondoo 12 wanamwelekea Mwanakondoo. Aliyeanza na mozaiki hii anaona pambo zuri. Aliyetoka kule chini gizani, penye hekalu la Mithra na maji yanayonguruma, akapita kwenye kuta za kanisa lililozikwa, anauona mti uliootea juu ya yote hayo.

Kutoka hapo msirudi kwenye basi. Fuateni barabara ile ile kuelekea mashariki. Baada ya dakika kumi hivi mtakuwa Laterano, kanisa kuu la askofu wa Roma, na ng'ambo ya uwanja wake zipo Ngazi Takatifu 28 ambazo watu huzipanda kwa magoti. Dereva aagizwe mapema akawasubiri huko.

Waandaaji wa mahujaji,
Kampala